Mzazi Akiumizwa Katika Nyumba ya Wazee: Milango ya Haki ni Mingapi?

Hapana mtoto mwema anayeamka na furaha siku ya kumpeleka mzazi wake kulala kwa watu. Dini yetu imeiweka haki ya wazazi karibu kabisa na haki ya Mwenyezi Mungu, na desturi yetu tangu zamani ni kuwa mzee huuguzwa nyumbani kwake, watoto na wajukuu wakimzunguka. Lakini dunia imewatawanya watu. Wako jamaa zetu wa Unguja, wa Mombasa, wa Kongo na wa kwingineko ambao leo maskani yao ni Marekani. Huko mume hutoka alfajiri kwenda kazini, mke naye ana zamu yake ya usiku, na mzee aliyepooza nusu ya mwili hawezi kuachwa peke yake hata saa moja. Ikifika hapo, baadhi yao hawaoni budi ila kumpeleka mzee katika nyumba ya wazee, yaani mahali anapolazwa na kuuguzwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Sisi hatukukusudia leo kuwahukumu watu hao. Aliyefanya hivyo kwa dharura, Mola wake aujua udhuru wake. Tulilokusudia ni kueleza jambo ambalo wengi hawalijui mpaka limewafika: mzazi akisha kupelekwa huko, kisha akapuuzwa hata akaumia au akafa, jamaa zake wana haki gani katika sheria ya nchi ile, nao wataipataje?

Twaona kuwa watu hukosea kwa njia mbili. Wako wanaonyamaza, wakasema kuwa hiyo ndiyo kadari. Na wako wanaoghadhibika, wakapiga kelele mlangoni, kisha wasiandike lolote wala wasifuate njia yoyote, mpaka siku za kudai zikapita. Wote wawili mwisho wao ni mmoja: mzee hakupata haki yake, na wale waliomdhulumu wakabaki na wazee wengine mikononi mwao.

Mzee aliyenyamazishwa kwa dawa

Tuanze na kesi moja iliyo maarufu. Mwezi wa Januari 2016, mzee mmoja wa jimbo la Indiana, mwenye maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, alipelekwa na jamaa zake katika nyumba ya wazee. Kwa maelezo waliyoyatoa jamaa hao mahakamani, siku aliyoingia alikuwa akizungumza, akila kwa mkono wake, akitembea, na akiwatambua watu wake. Haukupita mwaka hali yake ikageuka ghafula. Hakuweza tena kula mwenyewe, na maneno yakampotea. Walipouliza wakaambiwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe, huzidi siku kwa siku.

Kama wangaliridhika na jawabu hilo, habari ingalikwisha hapo. Lakini wakaomba orodha ya dawa anazopewa mzee wao, wakaona kuwa anapewa dawa kali sita za kutuliza akili. Wakamtafuta daktari wa nje, naye akaamuru dawa hizo zipunguzwe. Baadaye nyumba ile ikaanza kumpeleka mzee mahali pengine, mwendo wa saa moja na nusu, na mwishowe ikataka kumhamisha kabisa bila ya ridhaa yake wala ya watu wake. Jamaa wakapeleka malalamiko serikalini, na mwaka 2019 wakafungua kesi kwa jina lake.

Mahakama ya kwanza iliitupa kesi hiyo, na mahakama ya rufani ikairudisha. Mzee mwenyewe alifariki Oktoba 2021, na mkewe akaendelea nayo. Tarehe 8 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji saba wakikubali na wawili wakikataa, ikaamua kuwa haki ya mkazi wa nyumba ya wazee ya kutofungwa kwa dawa kwa ajili ya raha ya wauguzi, na haki yake ya kutohamishwa kiholela, ni haki zake yeye mwenyewe, naye aweza kuzidai mahakamani. Hukumu iliandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson, na kesi yajulikana kwa jina la ukoo wa mzee huyo, Talevski.

Yafaa msomaji aelewe mipaka ya hukumu hiyo. Kwanza, Mahakama ya Juu haikusema kuwa nyumba ile imethibitishwa kosa. Ilisema tu kuwa mlango wa mahakama u wazi. Pili, nyumba hiyo ilikuwa mali ya shirika la serikali, na kwa hiyo jamaa waliweza kuitumia sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani. Sheria hiyo humruhusu mtu kuwashitaki wenye mamlaka ya serikali wanaomnyima haki yake. Lakini nyumba za wazee za Marekani, karibu saba katika kila kumi, ni za wenye kutafuta faida. Hizo hushitakiwa kwa njia nyingine, nayo ni sheria ya uzembe ya kila jimbo, kama tutakavyoeleza.

Pamoja na hayo, funzo ni moja kwa nyumba zote. Kesi iliyofika kwa majaji wakubwa kabisa wa nchi ilianza kwa jamaa walioomba kuonyeshwa karatasi ya dawa.

Haki zilizoandikwa

Mwaka 1986 wataalamu wa elimu ya tiba wa Marekani walitoa ripoti juu ya ubovu wa malezi katika nyumba za wazee. Mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kuzitengeneza nyumba hizo, na Rais Ronald Reagan akaitia saini mwezi wa Desemba 1987. Sheria hiyo huihusu kila nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani mipango miwili ya serikali ya kuwalipia matibabu wazee na maskini. Kwa kuwa nyumba karibu zote hupokea fedha hizo, karibu zote zimo ndani yake.

Katika haki zilizomo katika sheria hiyo na kanuni zake, twataja zile zinazowafaa zaidi jamaa. Mkazi hafungwi kwa kamba wala kwa dawa kwa ajili ya kumwadhibu au kuwapunguzia wauguzi kazi. Ana haki ya kuelezwa hali ya afya yake kwa lugha anayoifahamu. Basi mzee asiyejua ila Kiswahili hapaswi kutingishiwa kichwa tu akaambiwa atie saini. Jamaa zake wana ruhusa ya kuingia kumwona wakati wowote, isipokuwa mwenyewe akikataa. Akianguka akaumia, au hali yake ikibadilika sana, daktari na mwakilishi wake hapana budi waarifiwe. Akitakiwa kuhamishwa au kutolewa, kwa kawaida hupewa taarifa ya maandishi siku 30 kabla, na ana haki ya kukata rufani. Na akilalamika, hairuhusiwi kumlipizia kisasi.

Iko na haki nyingine ambayo ndiyo ufunguo wa zote: haki ya kuliona faili. Mkazi au mwakilishi wake wa kisheria akiomba kulisoma faili la matibabu, yapasa aonyeshwe katika muda wa saa 24, bila ya kuhesabu siku za mapumziko ya mwisho wa juma na sikukuu. Na akitaka nakala, apewe baada ya siku mbili za kazi, kwa malipo ya kiasi.

Lakini nani huyo mwakilishi wa kisheria? Hapa jamaa zetu hukwama. Kwetu mtoto mkubwa husema kwa niaba ya baba yake wala hapana amwulizaye hati. Huko huulizwa. Basi mzee angali na akili zake timamu, na aandike hati ya uwakala wa mambo ya matibabu, amtaje amtakaye katika watoto wake. Akisha kupotewa na akili hawezi tena kuandika, na jamaa watalazimika kwenda mahakamani kuomba uangalizi wake, jambo lenye gharama na kuchelewa.

Kupuuzwa ni nini?

Si kila maradhi ya mzee ni kosa la mtu. Mzee aweza kuanguka hata akiwa ameshikwa mkono, na aweza kukonda kwa ugonjwa usio na dawa. Mwenye kushitaki ovyo hujichosha, na huwadhulumu wauguzi wema, ambao ni wengi, wanaofanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo.

Kupuuzwa ni kuacha kufanya lililopasa kufanywa. Chukua mfano wa vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa upande mmoja kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri pale mfupa unapoikandamiza ngozi juu ya godoro. Huanza wekundu usiopotea, kisha ngozi huchubuka, kisha kidonda huchimbika, na mwishowe chaweza kufika mfupani na kuleta sumu katika damu. Kinga yake yajulikana: kumgeuza mara kwa mara kwa mpango, kumsafisha asikae na unyevu, kumpa chakula na maji ya kutosha, na kumtazama ngozi kila siku. Kanuni za nchi ile zasema kuwa mkazi aliyeingia bila ya vidonda asivipate, ila ikiwa hali ya mwili wake imefanya visiepukike. Basi kidonda kirefu kikionekana, swali la kuuliza ni hili: mpango wa kumgeuza ulikuwapo, na je, ulifuatwa?

Dalili nyinginezo ni hizi: kupungua uzito kwa haraka, midomo na ulimi kukauka, kuanguka tena na tena wala pasibadilishwe lolote, michubuko isiyo na maelezo, kukaa muda mrefu na nguo zilizochafuka, na usingizi mzito wa mchana kutwa ambao hakuwa nao zamani. Moja peke yake haitoshi kuwa hoja. Zikikusanyika mbili tatu, usingoje.

Milango minne

Sheria ya Marekani imeweka milango kadhaa, na kila mlango una kazi yake. Anayekwenda katika mlango usio wake hurudi akasema kuwa haki haipo.

Mlango wa kwanza ni wa nyumba yenyewe. Kila mkazi huwa na mpango wake wa malezi ulioandikwa, na jamaa waweza kuomba mkutano wa kuujadili. Na waombe kwa maandishi, wapeleke malalamiko kwa maandishi, na waweke nakala. Nyumba hapana budi iwe na mtu wa kupokea malalamiko na kutoa jawabu. Ikiwa jambo lenyewe ni tuhuma ya kupigwa, au limeleta jeraha kubwa, nyumba yenyewe yalazimika kuiarifu serikali ya jimbo katika muda wa saa 2. Tuhuma zisizofikia hapo, saa 24. Mlango huu wafaa kwa makosa madogo na ya mwanzo. Faida yake nyingine ni kuwa nyumba haitaweza kusema baadaye kuwa haikuambiwa.

Mlango wa pili ni wa mtetezi wa wakazi, ambaye huko huitwa ombudsmani. Kazi hii ilianza kwa majaribio mwaka 1972, na tangu 1978 sheria imelilazimisha kila jimbo kuwa naye. Hachukui malipo, wala hatoi siri ya aliyelalamika bila ya ruhusa yake. Yeye huja, humwona mzee, huzungumza na wakuu wa nyumba, huingia kati. Hana uwezo wa kutoza faini wala kumlipa mtu fedha. Lakini kwa jambo linaloendelea leo na linalotakiwa likome leo, mara nyingi ndiye wa kwanza kuitwa.

Mlango wa tatu ni wa wakaguzi wa serikali ya jimbo. Kwa desturi kila nyumba hukaguliwa bila ya kuarifiwa, wala isipite miezi 15 baina ya ukaguzi na ukaguzi; lakini malalamiko ya mtu mmoja yaweza kuwaleta kabla ya wakati. Wakithibitisha kosa, serikali yaweza kuitoza nyumba faini, kuizuilia malipo ya wakazi wapya, na ikizidi, kuikatia fedha kabisa. Fedha za faini hawapewi jamaa. Walakini ripoti ya wakaguzi huwa ni hati ya serikali, na wakili huitafuta kwanza. Kama mzee amepigwa, ameibiwa au ametendewa uchafu, basi na polisi waitwe vilevile, kwa kuwa hilo ni kosa la jinai.

Mlango wa nne ni mahakama ya madai. Huu ndio mlango wa fidia, wala milango mitatu ya kwanza haina fidia. Mlalamikaji hutakiwa athibitishe mambo manne: kwamba nyumba ilikuwa na wajibu wa kumtunza mzee, kwamba haikuutimiza wajibu huo kama inavyotazamiwa kwa nyumba ya namna hiyo, kwamba kule kutotimiza ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. La tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wakili wa upande wa pili atasema kuwa mzee alikuwa mgonjwa tangu hapo na angalikufa vyovyote. Ndiyo maana majimbo mengi hutaka ushahidi wa daktari tangu mwanzo. Huko Texas, kwa mfano, ripoti ya mtaalamu yatakiwa itolewe katika muda wa siku 120 tangu mshitakiwa ajibu madai, na ikikosekana kesi hufutwa.

Mzee akiwa amefariki, madai huwa ya namna mbili. Ya kwanza ni ya maumivu aliyoyapata yeye mwenyewe kabla ya kufa. Hayo huingia katika mali aliyoiacha. Ya pili ni ya hasara waliyoipata mjane na watoto kwa kumpoteza. Mara nyingi mtu wa kuyasimamia hapana budi ateuliwe na mahakama ya mirathi, wala haitoshi kusema, "Mimi ndiye mtoto wake."

Ama ujira wa wakili, wengi katika mawakili wa kesi hizi huchukua sehemu ya fedha zitakazopatikana, aghalabu theluthi moja au zaidi, na zisipopatikana hawadai ujira. Na aulizwe mapema: gharama za madaktari na nakala ni juu ya nani ikiwa kesi imeshindwa? Yafaa kujua pia kuwa Medicare, ikiwa ililipa matibabu ya jeraha hilo, huwa na haki ya kurudishiwa fedha zake katika fidia. Na majimbo mengine yameweka mpaka wa fidia ya maumivu. Texas, tangu 2003, mpaka wake kwa nyumba moja ni dola 250,000.

Karatasi iliyofunga mlango

Siku ya kumwingiza mzee, mtoto hupewa furushi la karatasi, macho yana machozi na moyo hauko mahali pake. Hutia saini hapa na pale. Miongoni mwa karatasi hizo mara nyingi imo moja isemayo kuwa ugomvi wowote utakaotokea utapelekwa kwa msuluhishi wa faragha, wala si mahakamani. Mwenye kuitia saini amejifungia ule mlango wa nne. Msuluhishi husikiliza kwa siri, hapana baraza la wazee wa mahakama, na uamuzi wake ni shida sana kuukatia rufani.

Mke mmoja na binti mmoja wa Kentucky walizitia saini karatasi za namna hii kwa hati za uwakala walizopewa, mmoja na mumewe, mwingine na mama yake. Wagonjwa wale walipofariki wakashitaki. Mahakama ya juu ya Kentucky ikasema kuwa wakala hawezi kuitoa haki ya mtu ya kwenda mahakamani ila hati iwe imetaja hivyo waziwazi. Tarehe 15 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua kanuni hiyo. Basi saini ya wakala yaweza kumfunga mzee.

Lakini sheria imeacha nafasi. Kwa kanuni iliyoanza kufuatwa Septemba 2019, nyumba haiwezi kumkataa mzee kwa sababu hakukubali karatasi hiyo. Yapasa aelezwe hayo kwa namna na lugha anayoifahamu. Na aliyekwisha tia saini ana siku 30 za kubadili nia yake. Suluhu ni jambo jema baina ya watu wanaojua wanachogombania. Kusuluhishwa juu ya jeraha ambalo halijatokea bado, na mtu asiyejua kuwa amekubali, hilo ni jambo jingine. Msomaji mwenye jamaa Marekani na amwambie: itafute karatasi hiyo katika furushi usiku huo huo, na kama ulitia saini, andika barua ya kuiondoa kabla siku 30 hazijaisha. Na nyumba ikikutaka uwe mdhamini wa deni kwa mali yako mwenyewe ili mzee apokewe, ujue kuwa kanuni zaikataza isikulazimishe hivyo.

Siku zinahesabiwa

Kila jimbo limeweka muda wa kufungua kesi, na ukipita hapana wa kukusikiliza, hata ukija na ushahidi wa mlima. Kentucky, kwa jeraha la mwili, ni mwaka 1. Ohio, madai ya uzembe wa matibabu, na nyumba za wazee zimo ndani yake, ni mwaka 1. Texas ni miaka 2. Nyumba ikiwa ya serikali muda waweza kuwa mfupi zaidi. California hutaka madai ya namna hiyo yapelekwe kwanza kwa maandishi katika muda wa miezi 6. Jamaa aliyekaa eda, kisha akasafirisha vitu vya marehemu, kisha akangoja ndugu waje kutoka ng'ambo ili washauriane, aweza kukuta nusu ya muda imekwenda. Kumwona wakili kwa mashauri hakumlazimishi mtu kushitaki.

Mgongo wa marehemu

Sasa twaja kwenye jambo linalotuhusu sisi Waislamu kuliko wengine. Desturi yetu ni kuharakisha maziko, na wengi hatupendi maiti apasuliwe. Hayo yana heshima yake. Lakini matokeo yake ni kuwa mara nyingine jamaa huuona ule mgongo kwa mara ya kwanza juu ya kitanda cha kuoshea maiti. Hapo ndipo wanapojua kuwa mzee wao alikuwa na shimo la kidonda kiunoni, naye kwa miezi miwili alikuwa akifunikwa shuka safi kila wanapokuja kumzuru.

Adabu ya mwosha maiti ni kusitiri, nasi hatusemi ivunjwe. Lakini twaona kuwa jeraha la kupuuzwa si aibu ya marehemu. Ni athari ya dhuluma iliyompata. Kumwambia walii wake kwa faragha si kumfedhehi, na ikiwa lazima kupiga picha ya kidonda peke yake, wanavyuoni walio karibu na waulizwe papo hapo kabla ya sanda. Juu ya kupasua, baadhi ya majimbo humruhusu mtu kupinga kwa sababu ya dini, lakini mkaguzi wa vifo aweza kuamuru panapokuwa na shaka ya jinai. Si kila kesi huhitaji kupasuliwa. Faili la matibabu, picha na maneno ya mashahidi huweza kutosha. Na cheti cha kifo kisomwe. Kama kimeandikwa uzee tu au moyo tu, na mzee alikuwa na kidonda kilichooza, daktari na aulizwe kabla ya maziko.

Lililo bora kuliko hayo yote ni kuutazama mgongo wake angali hai. Mwendee mzazi wako kwa saa zisizo maalumu, mara asubuhi, mara usiku. Mwambie muuguzi akusaidie kumgeuza, utazame kiuno, visigino na viwiko. Weka daftari: tarehe, saa, ulichokiona, uliyemwambia, alichojibu. Ukiona kidonda piga picha kwa heshima na sitara, ukiandika siku. Omba orodha ya dawa kila mwezi. Daftari la senti chache limeshinda kesi nyingi kuliko ghadhabu.

Kadari haimtoi mdhalimu

Wako watakaosema kuwa kushitaki baada ya kifo ni kutokuwa na subira. Sisi hatuoni hivyo. Twaamini kuwa ajali ya mtu haizidi wala haipungui. Lakini imani hiyo haimwondolei dhima aliyekabidhiwa amana akaitupa, kama isivyomwondolea mwuaji. Subira ni kutomlalamikia Mwenyezi Mungu. Si kumwachia mdhalimu aendelee na dhuluma yake. Na mzee wa kitanda cha pili, ambaye hana mtoto wala mjukuu wa kumzuru, naye ana haki juu ya aliyeona akanyamaza.

Basi vijana mnaoyasoma haya, ambao ndio mtakaozijaza hizo karatasi kwa kuwa mwaijua lugha ya huko kuliko wazazi wenu: someni kabla ya kutia saini, ombeni faili, andikeni mnayoyaona, na msiziache siku zikapita. Baba zenu na mama zenu waliwageuza nyinyi vitandani mlipokuwa hamuwezi kujigeuza. Haikuwapasa kuandikiwa mpango wala kutishiwa faini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa watoto wenye kulipa wema kwa wema, na awahifadhi wazee wetu popote walipo. Amin.